Edmond Albius: Mtumwa Aliyeifundisha Dunia Kuozesha Vanila

Iliki ndiyo malkia wa majiko ya Pwani, na hilo halina ubishi. Lakini vanila nayo imekwisha kujipatia kiti chake barazani. Imo katika keki za Idi, imo katika kastadi ya futari, imo katika aiskrimu wanazonunuliwa watoto Mombasa hata Mtwara. Wengi wetu twaijua ndani ya kichupa tu, na mara nyingi kilichomo kichupani si vanila yenyewe bali ni ladha iliyotengenezwa viwandani. Vanila ya kweli ni tunda la ua, na ua hilo ni la jamii ya okidi, maua yasifiwayo kwa uzuri dunia nzima. Katika okidi zote, ambazo aina zake ni maelfu kwa maelfu, ni vanila peke yake iliyopandwa mashamba kwa mashamba kwa ajili ya chakula cha binadamu.

Tunda hilo lisingalienea nje ya nchi yake ya asili lau si kazi ya mikono ya mtoto mmoja mweusi, mtumwa, aliyekuwa na umri wa miaka 12 tu. Jina lake ni Edmond Albius. Wanaokula vanila ni mamilioni, na waliotajirika kwayo si haba, lakini ukiliuliza jina hilo hapa kwetu utaona watu wanatazamana. Kwa hiyo nimeona si vibaya kumweleza leo katika ukurasa huu, maana wahenga wetu walikwisha kutuambia kwamba mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Nayaandika haya nikiwa Thika, huku bara, nilikoletwa na kazi. Hapa mto Chania unashuka kutoka milima ya Nyandarua, unaporomoka kwa kishindo karibu na maporomoko ya mto Thika, kisha mito miwili hiyo inakutana. Katika miti ya kandokando yake huota okidi ambazo hakuna aliyezipanda. Zimeshika magome kwa mizizi yao, wala haziunyonyi mti. Zimekaa juu yake tu, kama mgeni aketiye kwenye baraza ya mwenyeji. Kila nizionapo humkumbuka babu yangu mzaa mama, aliyeimaliza karibu kazi yake yote duniani katika okidi ya aina moja, yaani vanila. Habari zake nitazigusa mbele. Kwanza tumtazame yule ambaye bila yeye babu asingalikuwa na kazi ya kufanya.

KISIWA NA WATU WAKE

Mashariki ya Bukini kuna kisiwa cha milima na volkeno kiitwacho Reunion. Zamani kikijulikana kwa jina la Bourbon, na hadi leo ni sehemu ya Ufaransa. Wafaransa walipokitwaa katika karne ya 17 hakikuwa na wenyeji. Kila mtu aliyekaa pale aliletwa au alikuja, na walio wengi waliletwa kwa nguvu, wengine kutoka Bukini na wengine kutoka mwambao huu wetu wa Afrika Mashariki, ili walime kahawa, na baadaye miwa.

Hapa pana jambo ambalo sisi watu wa Pwani hatuna budi kulisema bila ya kuuma maneno. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, mfanya biashara aliyeitwa Morice, alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa. Katika mkataba huo Sultani aliahidi kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, wa kupelekwa katika visiwa vya Wafaransa. Kwa hiyo baadhi ya waliolima Bourbon walipita katika bandari zetu, mbele ya macho ya wazee wetu, na wako waliofaidika kwa kupita kwao. Tena tusisahau kwamba karafuu, iliyokuja kuwa fahari ya Unguja na Pemba, inasemekana ililetwa Unguja kutoka visiwa hivyo hivyo mnamo mwaka 1818, na anayetajwa kuileta ni Saleh bin Haramil Al-Abry. Bahari ilitupa karafuu, na sisi tukaipa bahari watu.

Katika kisiwa hicho, mahali paitwapo Sainte-Suzanne, Edmond alizaliwa mwaka 1829. Mama yake, Mélise, alifariki katika uzazi huo huo. Baba yake aliitwa Pamphile, naye alikuwa mtumwa. Watumwa hawakuwa na jina la ukoo, na mtoto huyu naye akaitwa Edmond basi, kama vile anavyoitwa paka au punda.

Bibi aliyemmiliki alimtoa kwa kaka yake, Ferréol Bellier-Beaumont, mwenye shamba la Bellevue. Bwana huyu alikuwa mpenzi mkubwa wa mimea. Alikuwa na bustani ya miti na maua ya nchi mbalimbali, na kila asubuhi aliizunguka akiwa na mtoto Edmond nyuma yake. Inasemekana alimpenda mtoto huyo kama wake wa kumzaa. Huenda ni kweli. Lakini tukumbuke kwamba hakumpeleka chuoni kujifunza kusoma wala kuandika. Alimfunza majina ya mimea kwa mdomo, na mtoto, kwa kuwa Mwenyezi Mungu alimjaalia akili nyepesi, akayashika yote.

Siku moja Ferréol alimwonyesha jinsi ya kuuzalisha kwa mkono mmea wa jamii ya tikiti na maboga. Mimea ya jamii hiyo, kama mkweme wetu wa Pwani, ina ua dume na ua jike mbalimbali. Ukichukua unga wa ua dume, yaani chavua, ukaupaka katika ua jike, tunda hufunga bila ya kumngoja nyuki. Kwa bwana lilikuwa somo la kupitisha wakati. Kwa mtoto likawa ufunguo.

FUMBO LA UA

Asili ya vanila ni Mexico. Watu wa huko, hasa kabila la Watotonac, waliijua karne nyingi kabla ya Mzungu kufika, na wafalme wa Waazteki waliitia katika kinywaji chao cha kakao. Wahispania walipoiteka nchi hiyo katika karne ya 16 waliichukua vanila wakaipeleka Ulaya, na huko ikapendwa mno na watu wenye nafasi. Kila mwenye koloni katika nchi za joto akatamani kuipanda.

Mmea wenyewe hautaabishi kuota. Ni mtambaazi, huparamia mti mwingine kwa mizizi midogo, na kikonyo chake kikikatwa na kupandwa huchipua. Bourbon ililetewa miche mwaka 1819, na mingine tena mwaka 1822. Ikaota vizuri, ikatambaa, ikatoa maua. Lakini matunda haikuzaa. Mwaka ukaingia, mwaka ukatoka, maua yakachanua na kuanguka. Kwa karibu miaka 20 wenye mashamba wakawa na mmea mzuri usio na faida, hata wengi wakaukatia tamaa.

Sababu ni umbile la ua lake. Ndani ya ua moja la vanila mna upande wa kiume, ulioshika chavua, na upande wa kike, ulio tayari kuipokea, kama bwana arusi na bibi arusi waliokwisha kuwekwa chumba kimoja. Lakini baina yao pana kiwambo chembamba kama pazia, kinachowazuia wasikutane. Kwao Mexico wako nyuki wa msituni wanaojua kupenya humo. Ng'ambo ya bahari nyuki hao hawakuwako. Na zaidi ya hayo, ua la vanila lina maisha mafupi ajabu. Huchanua asubuhi, na ikifika alasiri limekwisha kusinyaa. Lisipopata mwenzi siku hiyo hiyo, basi tena.

Wataalamu wa Ulaya walilishughulikia fumbo hili. Mwaka 1836 Charles Morren, mwalimu wa elimu ya mimea katika mji wa Liège, Ubelgiji, alifaulu kuzalisha vanila kwa mkono katika nyumba ya vioo. Haki yake naye apewe, kwani alitangulia. Lakini njia yake haikuwafaa wakulima. Ilibaki katika vitabu na mabaraza ya wasomi, na huko Bourbon mivanila ikaendelea kutoa maua matupu.

MWAKA 1841

Siku moja ya mwaka 1841 Ferréol alikuwa akitembea bustanini na Edmond kama desturi yao. Alipofika penye mvanila wake wa zamani, akaona maganda mawili mabichi yananing'inia. Alistaajabu mno, maana mmea ule hakuwahi kuuona na tunda. Edmond akamweleza kwamba ni yeye aliyeyazalisha. Bwana hakusadiki. Alidhani ni majivuno ya kitoto. Siku chache baadaye likaonekana ganda jingine, na mtoto akasimama kwenye neno lake. Ndipo Ferréol akamtaka aonyeshe.

Edmond akachuma kijiti chembamba, akalifungua ua taratibu, akakiinua kile kiwambo kwa ncha ya kijiti, kisha kwa kidole gumba akaibonyeza chavua mpaka ikashikamana na upande wa kike. Basi. Kazi nzima haikupita muda wa mtu kuvuta pumzi mbili tatu. Hakutumia darubini, hakusoma kitabu, wala hakupata kusikia habari za profesa wa Liège. Alichofanya ni kulitazama ua kwa makini kuliko wakubwa wake, na kulipima somo la tikiti juu ya ua lisilofanana na tikiti hata kidogo.

Ferréol, kwa sifa yake, hakuificha habari ile wala hakuifanya yake. Aliwaandikia wenye mashamba wenzake kuwajulisha, na Edmond akawa akipelekwa kwa gari la farasi shamba hata shamba, akiwafundisha watumwa wenzake namna ya kushika kijiti. Mtoto wa miaka 12 akawa mwalimu wa kisiwa kizima. Lakini alikuwa mwalimu asiyelipwa ujira, na asiyeweza kukataa akiitwa.

Matokeo hayakuchelewa. Kufikia mwaka 1858 kisiwa kilikuwa kikiuza ng'ambo kiasi cha tani 2 za vanila kavu. Hadi mwaka 1898 zikafika takriban tani 200, Mexico yenyewe ikaachwa nyuma. Kutoka huko ufundi ukavuka kwenda Bukini, Ngazidja na visiwa vingine, na leo Bukini ndiyo inayoongoza ulimwenguni. Vanila hupandwa Uganda pia, na katika mashamba ya viungo ya Unguja wageni huonyeshwa mti wake. Kila ganda linalotoka katika nchi hizi zote huanza kwa tendo lile lile la kijiti na kidole gumba.

KAZI YA MIKONO

Nililiona tendo hilo kwa macho yangu nikiwa mtoto, nilipopelekwa Ngazidja kumzuru babu. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwembamba, mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono. Msimu wa maua ulipofika, alikuwa akiswali alfajiri msikitini, kisha haketi tena. Huenda moja kwa moja shambani, na kikapu chake na mwiba wa mdimu mfukoni. Mwiba huo ndio uliokuwa kijiti chake. Akasogea mti kwa mti, akifungua ua, akiinua kiwambo, akibonyeza, na mdomo wake ukitamka bismillahi kwa kila ua. Adhuhuri ikikaribia, kazi ya siku hiyo ilikuwa imekwisha, kwa kuwa maua nayo yalianza kufumba.

Katika visiwa vile kazi hiyo huitwa kuoza ua, yaani kulifungisha ndoa, na babu alitumia neno hilo bila ya mzaha. Alituambia sisi wajukuu kwamba ukiwa na pupa utaliua ua, na ukiwa na uvivu litakufa lenyewe. Wala hakuruhusu maua yote ya kishada kimoja yaozwe, kwa sababu mmea uliobebeshwa kupita kiasi huchoka na mwaka wa pili hauzai. Baada ya hapo ilikuwa ni kungoja miezi tisa, kama mimba ya binadamu, ndipo maganda yachumwe. Nayo yakichumwa huwa hayanukii kitu. Yanatiwa katika maji ya moto, yanafungwa katika mablanketi yatoke jasho, yanaanikwa juani na kurudishwa ndani siku baada ya siku, kisha yanawekwa sandukuni miezi kadhaa, mpaka yageuke meusi, laini, yenye harufu ya kujaza nyumba. Baada ya zafarani, hakuna kiungo kinachosemwa kuwa ghali kuishinda vanila, na mtu aliyeona kazi yake hawezi kushangaa.

Babu alimaliza umri wake katika shughuli hiyo, akasomesha watoto kwayo, akahiji kwayo. Mwenyezi Mungu amrehemu. Lakini jina la Edmond hakulijua. Aliamini kwamba elimu ile ililetwa na Wazungu wenye makampuni, maana ndio waliokuwa wakinunua, ndio waliokuwa wakipima, na ndio waliokuwa wakipanga bei. Nani angalimwambia kwamba mwalimu wa mwalimu wa mwalimu wake alikuwa mtoto mweusi asiyejua kuandika?

Na msomaji asidhani kwamba kazi ya namna hii ni ya visiwani tu. Hapa jirani yangu, Ruiru, kuna kituo cha utafiti wa kahawa. Katika miaka ya 1960 ugonjwa wa chulebuni, unaoharibu matunda ya kahawa yakiwa bado mabichi, uliwatesa sana wakulima wa Kenya. Watafiti wakahangaika miaka mingi, na mwaka 1985 wakatoa aina mpya ya mbuni iitwayo Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa huo na ule wa kutu ya majani. Mbegu za Ruiru 11 hupatikana kwa kuoza maua kwa mkono. Mfanya kazi hulikata ua upande wa kiume kabla halijachanua, kisha hulipaka chavua ya mbuni mwingine uliochaguliwa. Mkulima hununua mche, mnywaji hununua kahawa, na jina la kituo linajulikana. Lakini mikono iliyofanya ndoa ya maua yale, ni nani anayeijua kwa majina?

HAKI ILIYOTAKA KUPOTEA

Mali ikishapatikana, wenye kudai huongezeka. Miaka kiasi ya 20 baada ya ugunduzi ule, Jean Michel Claude Richard, aliyekuwa msimamizi wa bustani ya mimea ya serikali huko Saint-Denis, alidai kwamba ni yeye aliyeifundisha njia hiyo kisiwani, mwaka 1838, na kwamba mtoto Edmond bila shaka alikuwa karibu akamwibia ufundi kwa macho.

Tuyapime maneno hayo kwa mizani ya kawaida. Kama somo lilitolewa mwaka 1838 mbele ya wenye mashamba, kwa nini mashamba yao yaliendelea kuwa tasa mpaka mtumwa wa Bellevue alipopelekwa kuwafundisha? Ferréol aliandika kumtetea Edmond, ingawa Richard alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, akaona kwamba deni la haki ni zito kuliko urafiki. Kwa tendo hilo anastahili heshima. Lau si barua yake, huenda leo tungalikuwa tunasoma jina la Richard peke yake.

Imebaki pia picha moja ya Edmond, iliyochorwa na Antoine Roussin mnamo mwaka 1863, ikimwonyesha akiwa mtu mzima na vanila yake. Alikuwa amekwisha kupita katika mengi.

UHURU NA JELA

Mwaka 1848 Ufaransa iliufuta utumwa katika makoloni yake. Amri ilitiwa sahihi tarehe 27 Aprili, na Reunion ikatekelezwa tarehe 20 Disemba, watu zaidi ya 60,000 wakawa huru. Kwetu huku ilichukua muda mrefu zaidi, kwani Unguja utumwa ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1897, na mwambao wa Kenya mwaka 1907. Waliokuwa watumwa wakapewa majina ya ukoo ili waandikwe katika daftari za serikali. Edmond akapewa jina la Albius, ambalo mzizi wake ni neno la Kilatini lenye maana ya weupe. Huenda aliyempa alilifikiria ua la vanila, ambalo ni la rangi hafifu. Huenda alikuwa akifanya mzaha juu ya ngozi yake. Hata hivyo ndilo jina alilokufa nalo.

Alikuwa na umri wa miaka 19, huru, bila ya shamba, bila ya fedha, bila ya kusoma. Mashamba ya vanila yalikuwa yamejaa kisiwa kizima, na hata moja halikuwa lake. Akaenda mjini Saint-Denis kutafuta riziki, akafanya kazi jikoni. Mwaka 1852 akashitakiwa kwa wizi wa vito vya thamani, akahukumiwa kifungo cha kazi ngumu cha miaka kadhaa. Wizi ni wizi, na dini yetu haina mlango wa kuuhalalisha. Lakini kadhi mwadilifu hutazama pia hali ya aliyesimama mbele yake, na hapa alisimama mtu aliyekuwa amekwisha kukitajirisha kisiwa kizima, na kisiwa hakikumpa hata kipande cha ardhi cha kupanda mvanila mmoja.

Wako watu wenye nafasi walioliona hilo. Ferréol na wengine walimwombea kwa wakuu wa serikali, wakiwakumbusha faida ambayo koloni iliipata kwa mkono wa mfungwa huyo. Ombi likakubaliwa, akatolewa kabla ya muda wake kwisha. Akarejea Sainte-Suzanne, karibu na shamba alikolelewa, akaoa, mkewe akatangulia kufa, naye akaishi maisha ya kimaskini. Ferréol aliomba Edmond apewe posho kutoka katika hazina ya serikali. Ombi hilo halikujibiwa.

Tarehe 9 Agosti 1880 Edmond Albius alifariki katika hospitali ya Sainte-Suzanne, akiwa na miaka 51. Gazeti la kisiwani lilitoa habari fupi ya kueleza kwamba aliyekipa kisiwa utajiri wa vanila amekufa fukara. Hakuacha mali. Siku hizi hapo Sainte-Suzanne pamewekwa ukumbusho wake, na watoto wa shule hufundishwa jina lake. Reunion yenyewe sasa hutoa vanila kidogo tu, lakini angalau imeanza kulipa kwa heshima kile ilichokataa kulipa kwa fedha.

ALAMA JUU YA GANDA

Huko Bukini na Reunion wakulima wana desturi moja ya kujikinga na wezi. Ganda likiwa bado bichi, hulichoma kwa pini alama ya mwenyewe. Ganda likikauka alama haifutiki, na likiibwa na kupelekwa sokoni, mwenye shamba hulitambua. Ni desturi ya busara, nami siilaumu. Lakini imenifanya nifikiri sana. Kila ganda limebeba alama ya mwenye shamba, na hakuna hata moja lililowahi kubeba alama ya aliyelifanya liweze kuzaliwa.

Sisi watu wa Pwani tusiicheke Reunion. Tunajua jina la aliyeleta karafuu, tunajua majina ya masultani waliozipanda kwa maelfu, na tunajua majina ya wenye mashamba. Waliopanda juu ya mikarafuu wakichuma, waliozianika juani huko Kizimbani na Pemba, ni wangapi tunaoweza kuwataja? Babu zetu wengine ni hao hao, na wengine ni waliowamiliki, na aghalabu damu zote mbili zinapita katika mishipa ya mtu mmoja. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kumlipa mfanya kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la Edmond lilikauka bila ya malipo, na la wengi katika mashamba yetu likakauka vivyo hivyo. Fedha hatuwezi tena kuwalipa, lakini jina tunaweza kulitaja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, safari nyingine ukifungua kichupa cha vanila jikoni, au ukimnunulia mtoto aiskrimu jioni ya Idi pale Makadara au Forodhani, mweleze kidogo. Mwambie kwamba ladha hii ilitoka katika ua linaloishi asubuhi moja tu, na kwamba mwaka 1841 mtoto wa rika lake, asiye na mama, asiye na jina la ukoo wala uhuru, alilitazama ua hilo kwa subira mpaka likamfunulia siri yake. Mwambie jina lake. Naye akishalishika, atawaambia wenzake.